Mkebe wa Alasiri

Miraa ni chungu, kwa hivyo anayetafuna huteremshia kitu kitamu. Zamani, kibandani kwetu Kiwanjani, tulitumia soda au chai ya sukari nyingi. Kisha ikaja mikebe ya vinywaji vya kuongeza nguvu, tukaacha soda bila kufikiri. Tulikuwa wanne: mimi niliye fundi wa pampu za maji, na madereva watatu wa malori. Tangu mke wangu afariki, kikao hicho cha alasiri ndicho kilikuwa mazungumzo yangu yote ya siku.

Nikaanza kuhisi moyo ukisita, kisha ukipiga kwa kishindo. Niliishia darasa la nane, lakini kupima najua. Siku moja nilitafuna miraa kwa maji. Siku iliyofuata nilikunywa mkebe bila miraa. Ya tatu, vyote viwili. Kila mara niliweka vidole kwenye kifundo cha mkono, nikitazama saa. Kila kimoja kilipandisha mapigo kiasi. Vyote pamoja viliyapitisha mia na ishirini kwa dakika, nami nimekaa tu. Tulikuwa tumempakia punda mmoja mizigo miwili.

Mhudumu wa zahanati alinipima, akasema presha imepanda, akanipa dawa na kuniambia niache miraa na mkebe.

Niliwaeleza wenzangu. Dereva aliyetuzidi umri alicheka.

"Fundi, unahesabu moyo kama mtu anahesabu mbuzi jioni. Mmoja akipotea utajua?"

"Nitajua. Wewe ndiye hutajua, kwa sababu moyo wako huuhesabu."

Halafu mmoja akafungua mkebe.

Nilijaribu kukaa nao na chupa ya maji. Saa ya kwanza ilikwenda vizuri. Kisha miraa ikawashika, maneno yakakimbia, wakacheka mambo ambayo sikuona kichekesho chake. Nilikuwa kama mtu aliyefika matangani bila kumjua marehemu. Siku ya nne sikwenda.

Moyo umetulia, na usingizi umerudi. Alasiri nafunga karakana, naketi mlangoni.

Jana yule dereva aliyetuzidi umri alipita na kifurushi chake cha miraa kwapani. Akanipa salaam aleikum, nikaitikia. Aliuliza kama dawa ya presha inanikubali, nikamwambia inanikubali. Zamani angeniambia nivae viatu twende kibandani. Safari hii alisimama kidogo, akatazama njia, kisha akaniombea afya na kwenda zake. Najua alifanya hivyo kwa heshima.