Mume wangu alishuhudia kanisani kwamba figo zake zimepona

Wakuu, poleni na majukumu. Nitawaeleza yaliyotokea nyumbani kwangu bila kuongeza chumvi, maana hiyo chumvi yenyewe daktari alishaipiga marufuku kwetu.

Niko Otonglo, nauza mboga pale sokoni. Mume wangu, Baba Akinyi, ni fundi cherehani. Ana sukari ya miaka mingi.

Mwaka jana miguu ilianza kuvimba. Kliniki wakapima mkojo, wakasema figo zimeanza kuvujisha protini. Akaongezewa dawa, akaambiwa apunguze chumvi na asikose checkup.

Wakati huohuo rafiki yake akamletea mitishamba ya Kichina, unga wa kahawia kwenye pakiti zenye maandishi ambayo hakuna mtu kwetu anaweza kuyasoma. Eti inalinda figo za watu wa sukari. Akawa anakunywa zote, za hospitali na hiyo. Daktari hakuambiwa. Mnajua vile tunaogopa kugombezwa.

Baada ya muda miguu ikapungua. Nilifurahi, nisidanganye.

Lakini mzee akaamua sifa zote ni za Mchina. Jumapili akasimama mbele ya kanisa, akavua viatu na soksi, akaonyesha miguu. "Ruoth opaki, Bwana asifiwe! Figo yangu imepona, na dawa ya hospitali nimewacha!" Watu wakapiga makofi na vigelegele.

Hapo ndipo mimi pia nilisikia kwamba ameziacha.

Sasa mkuu, ukishashuhudia hivyo, unarudije kliniki? Nusu ya wale mnakutana kwa foleni mnaimba nao kwaya.

Miguu ikavimba tena. Fundi cherehani akaanza kuvaa gumboots, jua kali, ndani ya duka. Nikimuuliza: "Mama Akinyi, wachana na miguu yangu." Hadi asubuhi moja akaishiwa pumzi akifungua duka, tukamkimbiza hospitali.

Siku hizi ni dialysis kila wiki, anasafishwa damu kwa mashine. Daktari alisema hajui hiyo pakiti ilikuwa na nini, hawezi kuisifu wala kuilaumu. Kilichomuumiza mzee zaidi ni kuacha dawa na kupotea kliniki. "Mngeniletea tu niione," akasema, kwa upole, na hiyo iliniuma kuliko kugombezwa.

Kanisani tulikuwa tunasema ameenda Muhoroni kuangalia miwa ya kaka yake.

Jumapili iliyopita akapata nguvu, tukaenda. Mlangoni Mama Otis, ambaye pia ana sukari, akamshika mkono. "Baba, ile dawa yako unanunua wapi? Nataka niwache hizi sindano."

Nilingoja aseme ukweli. Akaangalia chini, halafu akaanza kumwelekeza duka ambalo rafiki yake alinunua zile pakiti.

Nikamkatiza. Nikasema yote, mashine na kila kitu, watu wakisikia.

Mama Otis hajaacha sindano. Baba Akinyi naye hajaniongelesha tangu siku hiyo. Chakula changu anakula, na dialysis nampeleka.

Nimejifunza hivi: ukitumia mitishamba, ya Kichina ama ya kwenu kijijini, mwonyeshe daktari, na usiache dawa zake kwa sababu umejisikia vizuri. Ushuhuda unaweza kungoja.

Wenye mmepitia kitu kama hiki, niambieni ukweli. Ningenyamaza?