Biskuti za Makapi ya Nanasi

Juzi nilipitia Kapkatet kunywa juisi ya nanasi kwa kina mama wanaoikamua wenyewe. Akaingia mzee mmoja na gunia tupu, akaliweka juu ya kaunta kama mtu aliyekuja kuchukua haki yake.

"Makapi ya ng'ombe."

"Mzee, siku hizi hayabaki," mama wa kaunta akamjibu. "Tunayakausha, tunasaga, tunapika biskuti."

Mzee alitutazama sisi wateja mmoja mmoja. "Kumbe nyinyi ndio mnakula chakula ya ng'ombe yangu?"

Mama hakubishana. Alimmiminia chai, akamwekea biskuti kwenye sahani. Mzee aliivunja, akainusa, akatafuna polepole huku akiangalia ukuta. Kisha akalikunja gunia, akaliweka kwenye benchi, akalikalia.

"Ongeza chai. Na unifungie ingine nipelekee mama watoto."

"Na ng'ombe je?"

"Atakula nyasi. Miaka yote amekula hii kitu, na hajawahi kuniambia ni tamu."

Mimi huyo ng'ombe simlaumu. Pakiti niliyowanunulia watoto iliisha njiani, na nyumbani sijasema neno.