Waya ya Silinda ya Tatu

Julai 1984 nilimzika mume wangu. Kazi yetu ya magari iliisha wiki hiyo hiyo, kwa sababu mimi niliijua kwa masikio tu. Mikono ilikuwa yake.

Kabla ya kuwa fundi alifanya kazi miaka mingi kwenye mashine ya kuchana mkonge, upande wa Mwatate. Ile mashine ililia kutwa na ikamharibia masikio. Tulipohamia Voi akafungua gereji nyuma ya nyumba tuliyopanga, alikuwa anasikia kwa sikio la kushoto peke yake, tena ukimkaribia. Wateja hawakujua. Walidhani ni mtu wa maneno machache.

Shida yake ilikuwa gari linalomisi, yaani injini inapokosa mlio mmoja katika ile minne. Unaiacha ikinguruma, kisha unachomoa waya za plagi moja baada ya nyingine. Ukichomoa waya ya silinda iliyo nzima, mlio unazidi kuharibika. Ukichomoa ya silinda iliyolala, hakuna kinachobadilika, na hapo ndipo pa kutafuta. Alijaribu kuhisi mtetemo kwa mkono, lakini magari yale ya zamani yalitetemeka hata yakiwa mazima.

Kwa hivyo nilikaa mimi kwenye usukani, kama mtu wa kukanyaga mafuta, mkono wangu wa kulia ukining'inia dirishani. Mlio usipobadilika, nilifunga ngumi. Wateja walimtania kwamba ameoa taniboi, utingo wa kuvaa leso. Alicheka wakicheka.

Siku moja ya mvua, mwalimu mkuu wa shule moja ya huko Bura alileta gari lake kuukuu lililokuwa likimisi kwenye kila mlima. Alisimama kulia kwa mume wangu, upande wa sikio lisilosikia, akamsimulia habari za shule, naye akaitikia kwa kichwa. Niliogopa. Mwalimu akigundua, watu wa milima yote ya huko kwao wangejua kufikia Jumapili, na nani angemwachia gari fundi kiziwi?

Waya ya tatu nikafunga ngumi. Akaweka plagi mpya. Gari likamisi vile vile. Akarudia, nikafunga ngumi tena. Akanitazama kama mtu anayeanza kunishuku, kisha akachukua spana aanze kufungua kabureta.

Hapo ndipo nilipotambua sauti ndogo chini ya mngurumo, kama bisi zinazoanza kupasuka sufuriani. Nilikuwa nimeisikia tangu mwanzo nikaipuuza. Na ngumi haikuweza kusema jambo kama hilo.

Nikashuka, nikamshika bega, nikasema kwa nguvu katika sikio lake la kushoto, "Baba watoto, kuna kitu kinapiga tik tik hapo kwa waya. Si plagi."

Akapeleka mkono, akaruka nyuma akitikisa vidole. Mpira wa waya ulikuwa umepasuka, na umeme ulikuwa ukirukia chuma cha injini badala ya kufika kwenye plagi. Mwalimu alicheka, halafu akaacha. Akasogea nyuma ya mume wangu, akamwita, "Fundi." Hakugeuka. Akamwita tena.

Mwalimu akanigeukia. "Mama, tangu lini?"

Ningeweza kusema ni kelele za injini. "Tangu mkonge," nikamwambia.

Waya ilibadilishwa na gari likatulia. Mwalimu alitushukuru sote wawili, akaenda zake. Wateja wawili hawakuja tena baada ya hapo, na mpaka leo sijui kama sababu ilikuwa ni ile. Mume wangu aliniuliza nilichomwambia mwalimu, nikamweleza. Akarudisha spana zake sandukuni moja moja. Alikula, akalala.

Asubuhi yake alikuja dereva wa pikapu, nayo inamisi. Nikaenda kupanda kwenye usukani kama kawaida. Mume wangu akanizuia. Aliingia nyumbani, akatoka na kiti cha mezani, akakiweka kando ya boneti, pale dereva aliposimama.

"Wewe ndiye utakanyaga mafuta," akamwambia dereva. "Mama watoto anasikiliza."

Dereva alitutazama, akapanda. Mume wangu akachomoa waya ya kwanza, akaniangalia usoni, akangoja.