Fundi Gervas Hashuki Kabla ya Kupatana

Siku ile ya kisima chetu pale Makanyagio naikumbuka, mwanangu, na mwili bado unanisisimka. Ilikuwa miaka ya tisini, mimi nimeolewa juzijuzi, na maji tulikuwa tunayafuata mbali kweli. Mume wangu akamleta fundi wa visima, Gervas, Mpimbwe mmoja mfupi, mchapakazi, baba wa watoto sita. Yeye alichimba chini, kamba kaifunga kifuani, na mkewe Mama Skola kaishika juu. Mtu mwingine hakumruhusu hata kuigusa.

Asubuhi moja sisi na majirani tukasubiri weee, fundi hashuki. Wamekaa na mkewe kando ya kifusi wananong'onezana, jua linapanda. Nikamfokea, maana ulimi wangu unaujua: "Fundi, kulikoni? Au leo unaogopa shimo?"

Akanijibu taratibu, "Jana nilimjibu vibaya mama watoto. Sishuki mpaka tupatane."

Tulicheka, jamani! Mwanaume mzima! Yeye hakujali. Alimwomba radhi mbele yetu, mpaka Mama Skola akatabasamu, akasema, "Haya, shuka baba."

Jua halijafika utosini, ukuta wa shimo ukaporomoka, udongo ukamzika fundi hadi kiunoni. Hata huku juu ardhi ikaanza kumeguka, sisi wote tukatimua mbio. Mama Skola hakukimbia. Alijizungushia kamba kiunoni, akakaa chini, akakaza visigino huku ukingo unakatika mbele ya miguu yake. Akapaza sauti, "Baba Skola, nipo! Nimekushika!" Aibu ikatushika, tukarudi kuvuta naye, fundi anajifukua kwa mikono. Alipotoka hakujitazama hata majeraha. Alishika viganja vya mkewe vilivyochunika, akalia mbele za watu. Mimi nilijikuta nimepiga magoti. Makubwa nimeyaona mengi, lakini kama yale, hapana.

Najua Mama Skola angemshika hata kama wamenuniana. Lakini fundi angeshuka bila kupatana, akafia mule, neno lake la mwisho kwa mkewe lingekuwa lile baya.

Mwanangu, unaoa karibuni. Vikombe vikikaa pamoja havikosi kugongana, na usipoziba ufa utajenga ukuta. Fanya kazi kwa bidii, ila usitoke nyumbani na kinyongo. Omba radhi, hata wajinga kama mimi wakikucheka. Mungu aibariki mikono yako, na kila jioni akurudishe mzima kwa mkeo na wanao.