Trekta Iliyozima Kila Dakika Ishirini

Pale Bulileka, nje kidogo ya mji wa Labasa, mwenye trekta bovu alikuwa akimwita Parmesh Lal, naye hakuwahi kushindwa. Ndiyo maana aibu ilimkaba trekta lake mwenyewe, kuukuu la miaka arobaini na mbili, lilipomgomea katikati ya msimu wa miwa.

Asubuhi lilikuwa likiwaka vizuri. Likishavuta tela kwa dakika ishirini hivi, nguvu hupungua, likakohoa mara mbili tatu, likazima. Parmesh huinuka kitini, akafungua kifuniko cha tangi kuangalia dizeli, akaikuta tele. Hufunga, akalijaribu, nalo huwaka kana kwamba halina lolote. Dakika ishirini baadaye, yaleyale.

Alibadilisha filta. Alitoa hewa kwenye mabomba, akayapuliza mpaka mdomo ukanuka dizeli. Siku ya tatu alifungua pampu, akaitandaza barazani juu ya gunia, asione kasoro, akairudisha. Usiku aliota nozeli za kupulizia dizeli. Sushila, mkewe, alimpa chai na kumwangalia alivyokodolea ukuta.

"Baba Anjali, labda limekuchoka," alisema.

Parmesh hakucheka. Alikuwa ameanza kuliamini jambo hilo.

Siku ya nne lilizimia katikati ya shamba, na miwa iliyokatwa inakauka juani. Semisi, msimamizi wa wakataji, rafiki yake tangu shule, alikuja akakaa kwenye gurudumu. Injini hakuzijua, lakini siku zote hizo alikuwa akitazama.

"Kaka, likizima unafanya nini kwanza?"

"Naangalia dizeli."

"Kila mara?"

"Kila mara."

"Basi leo usiangalie. Mimi nilidhani unalifanyia ibada."

Parmesh alikasirika, ila hakuwa na wazo lingine. Alijaribu kuliwasha bila kugusa kifuniko. Likakataa. Akajaribu tena, na tena, likakataa katakata. Sasa ndiyo akachanganyikiwa kabisa: siku zote lilikuwa likiwaka.

Aliinuka kitini, akafungua kifuniko polepole. Hewa ikaingia tangini kwa mluzi mwembamba. Akakigeuza kifuniko juani. Katikati kuna kitundu kidogo cha kupitisha hewa. Kilikuwa kimezibwa kwa udongo mgumu. Nyigu alikuwa amejenga humo. Tangi lilikuwa halipumui, na dizeli ikipungua kidogo tu, inashindwa kushuka kwenye injini mpaka kifuniko kifunguliwe.

"Ni nini?" Semisi aliuliza.

"Nyigu."



Parmesh alikizibua kwa waya na kulitoa hewa upya. Likawaka, likavuta mizigo sita mpaka jioni. Mchana Sushila alipoleta roti na chatine ya nyanya, Parmesh alikula akiwa ameketi nyuma ya usukani, injini inanguruma, mkono mmoja juu ya kifuniko. Alipoulizwa kwa nini hashuki, alisema hata yeye hajui.