Dhiraa Moja Bila Lipu

Gari la farasi lilikwama topeni kabla ya daraja, nikaingia mji ule kwa miguu, mvua ikinipiga mgongoni. Miaka mingi nimezunguka miji midogo ya Wayahudi wa jimbo la Volinia, na nikilowa huwa natafuta sinagogi. Hili lilikuwa fupi kwa nje, nene kama ngome. Mababu walikatazwa kulipandisha kupita kanisa, wakaona basi watachimba. Ukishashuka ndani, dari iko mbali juu yako, imebebwa na nguzo nne zinazolizunguka jukwaa la kusomea Torati.

Zelik Garfinkel alikuwa juu ya ngazi, mwiko mkononi. Babu yake alipiga lipu kuta hizi, kisha baba yake. Yeye alikuwa amezirudia zote tangu Pasaka, na mchana huo anahamia Buenos Aires kwa bintiye, asirudi tena. Ilibaki dhiraa moja ya mawe matupu, mkabala na mlango.

"Malizia hapo," alisema Nute Kipnis, mwenye kinu cha unga, aliyenunua chokaa yote. "Kibao cha kumbukumbu ya marehemu baba yangu kinakaa hapo hapo. Kila aingiaye akione."

"Hapo hapapakwi kitu, Bwana Nute. Hekalu la Yerusalemu limebomolewa, halafu sisi tujidai nyumba yetu imekamilika?"

"Hekalu lilibomolewa karibu miaka elfu mbili iliyopita! Baba kafa mwaka jana!"

"Basi foleni inaanza na Hekalu."

"Nenda zako Ajentina! Ukivuka mto tu, namwita fundi Motl apapake."

"Motl? Yule aliyepaka jiko la mama yako, mkanywa supu ya chokaa wiki nzima?"

Nje, juu ya mizigo ndani ya gari lao la farasi, mkewe Pesia akapaza sauti: "Zelik! Treni si mkeo, haitakusubiri!"

Zelik hakuharakisha. Alijua Motl angeitwa kweli. Akashuka, akakoroga masizi na gundi, akapanda tena, akaandika juu ya yale mawe kwa herufi nene nyeusi: Kumbukumbu ya Kubomolewa kwa Hekalu. Akashuka, akamkabidhi Nute ndoo ya chokaa na brashi.

"Haya, yafute maneno hayo wewe mwenyewe. Sabato watu wakiuliza nani kayafuta, utawajibu."

Nute aliishika brashi muda, chokaa ikimdondokea viatuni. Mwishowe akairudisha ndooni, akaiweka ndoo chini. "Sasa baba nimpeleke wapi?"

"Kasali maisha yake yote ameegemea nguzo ile ya kaskazini, mpaka mgongo wake ukaimaliza rangi. Kibao kiweke pale. Nani asiyejua kwamba ni mahali pake?"

Akaufuta mwiko, akautia ndani ya koti, akatoka. Gari lao lilipopinda kona ya soko, Pesia alikuwa bado anamsema, naye anacheka.

Mimi nilibaki mlangoni. Nyuma yangu Nute alikuwa ameshaanza kuiburuta ngazi kuelekea kaskazini.

"We mgeni," akaniita, "umesimama tu? Shika huku."