Jembe Mkononi mwa Mama

Kila Machi mama alipanda mpaka shambani kwangu Maguu kunichimbia ngolo, yale mashimo yetu Wamatengo ya mteremkoni yanayozuia mvua isibebe udongo. "Pumzika, mwanangu, una mtoto mchanga," alisema. Mtoto mwenyewe sasa yuko darasa la tatu, na mimi bado nilikuwa napumzika.

Mwaka huu mgongo wake uligoma. Nikashika jembe mwenyewe. Mmatengo mzima mimi, sikujua hata kwamba nyasi zinalazwa kwanza, ndipo udongo unafuata juu kuwa matuta ya kuzunguka shimo! Mvua moja tu ikasomba matuta yote mpaka kwenye kahawa ya jirani.

Mama alikuja na mkongojo, akatazama, hakunigombeza. Akanyoosha mkono kuomba jembe.

Nikampa.